Jicho Vivu, Umri na Kemikali za Kisogoni

Katika toleo lililopita niliandika kwamba jicho vivu, yaani jicho lililo zima kwa nje lakini haliоni vizuri kwa sababu ubongo umezoea kulipuuza, hutibika kwa urahisi zaidi mtoto akiwa hajafikisha miaka 7. Sentensi hiyo moja imeniletea barua nyingi kuliko makala yote iliyobaki, na wengi waliouliza wamegusa jambo ambalo nilipaswa kulieleza tangu mwanzo, yaani ni kitu gani ndani ya ubongo kinachopanga umri huo. Nimechagua barua nne ambazo majibu yake yanategemeana, kwa hiyo nawaomba wasomaji wazisome kwa mfuatano.

SWALI: Daktari, habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Morogoro. Binti yangu mkubwa ana miaka 9. Mwaka huu walipimwa macho shuleni, ndipo ikagundulika kwamba jicho lake la kushoto halioni vizuri, ingawa ukilitazama kwa nje halina kasoro yoyote. Tulipompeleka kliniki tuliambiwa ni jicho vivu, akaandikiwa miwani, lakini aliyetuhudumia akaongeza kwamba tumechelewa kwa sababu ubongo wake umeshafunga. Nimesoma na makala yako nikalia. Je, ni kweli ubongo wa mtoto wa miaka 9 umefunga? Na unafungwa na nini?

JIBU: Mama yangu, pole sana, nami nakuomba radhi kwa sababu sentensi yangu iliishia njiani. Binti yako hajafikia hatua ya kukatiwa tamaa. Nitaanza kueleza kinachoendelea ndani ya kichwa chake, kisha nitakuambia la kufanya, maana ukilielewa la kwanza hutachoka upesi na la pili.

Jina la jicho vivu linalionea jicho. Jicho la binti yako linapokea mwanga na kupeleka taarifa kama linavyotakiwa. Penye tatizo ni kisogoni, katika sehemu ya gamba la ubongo inayoshughulikia kuona, mahali ambapo taarifa za macho mawili hukutana. Ikiwa katika miaka ya mwanzo jicho moja lilikuwa likipeleka picha yenye ukungu, ama kwa sababu lilihitaji miwani na hakuna aliyejua, ama kwa sababu ya makengeza, seli za neva za kisogoni hulipa mgongo jicho hilo na kuliegemea lile linaloona vizuri. Baadaye unaweza kusafisha picha kwa miwani, lakini seli hizo zimeshazoea kumsikiliza msemaji mmoja tu.

Walioonyesha jambo hili kwa mara ya kwanza ni David Hubel na Torsten Wiesel wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, katika kazi waliyoichapisha mwaka 1963. Walifunga kope za jicho moja la paka wachanga, na walipozifungua baada ya miezi michache walikuta jicho lenyewe ni zima, lakini karibu seli zote za kisogoni walizozipima zilikuwa zikiitikia jicho lililobaki wazi. Paka mzima alipofungwa jicho kwa muda mrefu hakupatwa na hali hiyo. Kwa paka, kipindi hiki cha hatari, ambacho pia ndicho kipindi cha kujifunza, huanza kwenye wiki ya 4 na hufifia kuelekea mwezi wa 3 wa maisha. Katika kilele chake, siku 3 au 4 tu za kufungwa jicho zinatosha kuharibu mambo. Kazi hiyo ni miongoni mwa zile zilizowapatia Tuzo ya Nobeli mwaka 1981, na kwa sababu yake madaktari wa macho duniani kote waliacha kuwaambia wazazi wasubiri mtoto akue.

Hata hivyo, kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba uwezo huu wa ubongo kujipanga upya, ambao hapa nitauita unyumbufu, huisha wenyewe kwa kupita kwa siku, kama chungu kinavyokauka juani. Dhana hiyo ilianza kuanguka mwaka 1998, wakati Takao Hensch na wenzake walipochunguza panya ambao kwa maumbile yao walikuwa na upungufu wa kemikali iitwayo GABA. Ubongo una kemikali za kuchochea, kubwa kati yake ikiwa ni glutameti, na una kemikali za kutuliza, ambazo mkuu wake ni GABA. Fikiria darasa lenye watoto 80 wanaojibu swali kwa pamoja kwa kupiga kelele. Mwalimu hawezi kutambua nani kasema nini, kwa hiyo hakuna anachoweza kukisahihisha. GABA ndiyo inayoleta utulivu ili seli ziweze kupambanua jicho lipi limeleta picha nzuri na lipi limeleta ukungu. Panya wale wenye upungufu hawakulipata kabisa dirisha la kujifunza, yaani kile kipindi nilichokitaja kwa paka. Waliendelea kuishi nalo likiwa halijafunguka. Walipopewa diazepamu, dawa ambayo hospitali hutumia kutuliza degedege na ambayo kazi yake ni kuongeza nguvu ya GABA, dirisha lilifunguka, na lilifunguka hata kwa panya waliokwisha kuwa wazima.

Naomba msomaji alitafakari jambo hilo taratibu, kwa sababu kwangu mimi ndilo kiini cha mjadala wote. Panya mzima kwa umri alionyesha unyumbufu wa panya mchanga, si kwa kurudishwa nyuma siku zake, bali kwa sababu kemikali iliyokuwa haitoshi sasa ilitosha. Basi kinachoamua si idadi ya miaka yenyewe, bali ni hatua ambayo kemikali za ubongo zimefikia.

Na kufunga je? Hapo ndipo maelezo yanapogeuka kwa namna inayoshangaza, kwa sababu mfumo ule ule wa utulivu uliofungua dirisha ndio unaokuja kulifunga. Kadiri mnyama anavyokua, seli maalumu zinazotoa GABA huzungukwa na wavu mgumu uliofumwa kwa sukari na protini, na wavu huo hushikilia miunganisho pale ilipo. Mwaka 2002, kundi la watafiti wa Pisa, Italia, akiwamo Tommaso Pizzorusso na Lamberto Maffei, lilitumia kimeng'enya kuyeyusha wavu huo katika ubongo wa panya wazima, na unyumbufu ukarudi. Mwaka 2010 ilionyeshwa kwamba ipo pia protini iitwayo Lynx1 ambayo huongezeka ubongo unapokomaa, na kazi yake ni kupunguza makali ya asetilikolini, kemikali inayohusika na umakini; panya wasio na protini hiyo hubaki na unyumbufu hata ukubwani. Mapema kabla ya hapo, mwaka 1986, Mark Bear na Wolf Singer walikuwa wameonyesha kwa paka wachanga kwamba asetilikolini na noradrenalini hushirikiana kuupa ubongo ruhusa ya kubadilika. Kwa maneno mengine, ubongo wa mtu mzima umewekewa breki, na breki hizo zinakanyagwa kila siku. Ndiyo maana nasema aliyekuambia kwamba ubongo umefunga alitumia neno zito kuliko hali ilivyo.

Kwa binadamu ushahidi upo. Kuna watu wazima waliokuwa na jicho vivu tangu utotoni, wakapoteza lile jicho zuri kwa ajali au ugonjwa, na baadhi yao wakaona jicho lile dhaifu likiongeza uwezo wake lenyewe. Zaidi ya hapo, mwaka 2005 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa Marekani uliohusisha watoto 507 wenye umri wa miaka 7 hadi 17. Kati ya wale wa miaka 7 hadi 12, asilimia 53 ya waliopewa miwani, wakafunikwa jicho zuri na kutiwa matone ya atropini, dawa inayolitia ukungu jicho hilo, walipata nafuu ya mistari 2 au zaidi kwenye ubao wa herufi, wakati kwa waliopewa miwani peke yake ilikuwa asilimia 25. Hata katika kundi la miaka 13 hadi 17, wale ambao hawakuwahi kutibiwa kabla walinufaika: asilimia 47 dhidi ya 20. Binti yako ana miaka 9 na hajawahi kutibiwa. Yumo ndani ya kundi la miaka 7 hadi 12.

Sasa la kufanya. Miwani aliyoandikiwa aivae kuanzia anapoamka hadi anapolala, si ya kusomea tu, kwa sababu bila picha safi kisogo hakina cha kujifunza. Kwa watoto wadogo, takribani robo hupona kwa miwani pekee. Baada ya wiki kadhaa mrudishe kliniki apimwe. Ikiwa jicho bado liko nyuma, daktari atampangia kufunikwa lile jicho zuri kwa saa kadhaa kila siku. Kwa jicho lenye udhaifu wa wastani, saa 2 kwa siku zimeonekana kutoa matokeo sawa na saa 6 kwa watoto walio chini ya miaka 7, na mimi huanza nazo hata kwa wakubwa kidogo, kisha huongeza kama jicho halisogei. Usimfunike kwa uamuzi wako mwenyewe kutwa nzima bila kupimwa, maana jicho zuri nalo linaweza kudhoofika.

Saa hizo 2 si nyepesi, na ni bora ujue mapema. Ninamkumbuka mvulana mmoja wa umri wa binti yako ambaye, nilipomfunika jicho zuri kwa plasta, aliinua kidevu polepole kama mtu anayetazama juu ya ukuta, akijaribu kuchungulia kwenye upenyo mdogo uliobaki kando ya pua. Hakuwa mkaidi, ubongo wake ulikuwa ukitafuta njia uliyoizoea. Mama yake alimwekea ungo wa mchele kila jioni auchambue huku akimsimulia mambo ya siku ile, na wiki za mwanzo alikuwa akiacha mawe mengi kuliko aliyoyatoa. Kazi si lazima iwe ya karibu namna hiyo, kwani utafiti haukuona tofauti kati ya shughuli za karibu na za mbali. Lililo muhimu ni kwamba plasta ibaki mahali pake na mtoto awe na jambo analolitazama kwa hamu. Niandikie tena baada ya miezi 3.

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu wa hapa Tanga, nina miaka 71. Mwaka jana niliondolewa mtoto wa jicho macho yote mawili, na kwenye ubao wa herufi nasoma hadi mstari wa chini. Hata hivyo, nikiwa sokoni jioni penye watu wengi, nachelewa kumtambua mtu mpaka anisalimie, na bodaboda inayokuja kwa kasi naiona kana kwamba imezuka. Mjukuu wangu ananiambia kwamba siku hizi kuna dawa za kuurudisha ubongo utotoni. Je, tatizo langu ni macho au ubongo, na dawa hizo zipo?

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Kwanza nakuomba urudi kliniki upimwe presha ya macho, retina na upeo wa kuona pembeni, na uangaliwe kama kuna utando uliojitokeza nyuma ya lenzi bandia, jambo linalotokea kwa watu wengi baada ya upasuaji na linaloondolewa kwa mionzi ya leza kwa dakika chache. Ubao wa herufi hupima ukali wa kuona vitu vilivyotulia penye mwanga mwingi. Hauulizi lolote kuhusu giza la jioni, mwendo, wala msongamano.

Macho yakionekana salama, maelezo yako yanalingana sana na kile kinachojulikana kuhusu kisogo kinachozeeka. Mwaka 2003, Audie Leventhal na wenzake walipima seli za gamba la kuona katika nyani wazee sana, wakazilinganisha na za nyani vijana. Seli ya kijana huchagua: moja huitikia mstari uliosimama, nyingine ulioinama, nyingine kitu kinachokwenda kulia. Seli za wazee zilikuwa zikiitikia karibu kila kitu, na zilikuwa na kelele nyingi hata pasipo na cha kuitikia. Watafiti walipodondosha GABA kidogo sana kando ya seli hizo, nyingi zilianza kuchagua tena kama za vijana. Kwa hiyo ile kemikali ambayo kwa mtoto mchanga bado haijatosha, na ambayo kwa mtu mzima imesimama imara, uzeeni nguvu yake hupungua. Darasa lile nililomweleza mama wa Morogoro linaanza tena kupiga kelele, ila safari hii wanafunzi ni wazee wenye mengi waliyokwisha kujifunza.

Upungufu huo una sura moja ya ajabu ambayo nadhani utaifurahia kwa kuwa ulikuwa mwalimu. Mwaka 2005, Lisa Betts na wenzake wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, waliwaonyesha vijana na wazee mistari inayosogea, wakawauliza inakwenda upande gani. Picha ilipokuwa kubwa na yenye weusi na weupe uliokolea, wazee walitambua mwelekeo kwa haraka kuliko vijana. Ubongo wa kijana, kwa sababu ya utulizaji wenye nguvu, hupuuza mwendo wa eneo kubwa ili uone vizuri kitu kidogo kinachosogea mbele yake. Ubongo wa mzee haupuuzi. Sokoni kutokupuuza huko ndiko kunakokuchosha: kanga, mikokoteni, taa na watu vyote vinadai kusikilizwa kwa wakati mmoja, na uso wa jirani yako unapotea humo humo.

Hili linatupeleka kwenye swali la unyumbufu, na jibu lake si lile ambalo wengi hulitarajia. Mwaka 2014, kundi la Takeo Watanabe wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, lilionyesha kwamba wazee wanaofanya mazoezi ya kutambua kitu fulani hujifunza vizuri tu, lakini hujifunza pia vitu visivyohusika vilivyokuwa vikipita pembeni, ambavyo vijana huviacha. Maana yake ni kwamba kilichopungua si uwezo wa kubadilika, bali uwezo wa kuchagua kipi kiruhusiwe kuubadilisha ubongo. Ukilifahamu hilo utaona kwamba kuurudisha ubongo wako utotoni, hata kama ingewezekana, usingekuwa msaada unaouhitaji. Dawa ya kuondoa breki ingeongeza kelele juu ya kelele.

Je, basi mtu aongeze GABA kwa kumeza diazepamu? Hapana, Mwalimu, na nalisema kwa mkazo. Tone linalowekwa kando ya seli moja maabara si sawa na kidonge kinachotuliza ubongo mzima. Kwa mtu wa umri wako kidonge hicho huleta usingizi wa mchana, kusahau na kuanguka, na nyonga iliyovunjika ni tatizo kubwa kuliko lile la sokoni. Nakushauri pia uchunguze dawa unazotumia tayari. Wazee wengi ninaowaona humeza piritoni kila usiku kwa ajili ya mafua au ili walale, na wengine hutumia amitriptilini kwa ajili ya maumivu ya neva; zote mbili huzuia asetilikolini, ile kemikali ya umakini, na huweza kuleta ukungu machoni na mkanganyiko wa mawazo. Usiache dawa uliyoandikiwa bila kuzungumza na daktari wako, lakini mpelekee vidonge vyako vyote kwenye mfuko mmoja, vikiwamo vya dukani, muviangalie pamoja.

Mengineyo ni ya kawaida lakini yanasaidia. Nenda sokoni kabla jua halijazama. Kabla ya kuvuka barabara simama, geuza kichwa chote badala ya kutegemea kona ya jicho, na hesabu hadi tatu kabla ya kukanyaga lami, kwa kuwa ubongo wako unahitaji muda zaidi wa kupima mwendo. Mazoezi nayo yana faida iliyothibitishwa: wazee waliofundishwa kwa siku chache kutofautisha maumbo yanayoonyeshwa kwa muda mfupi sana waliongeza kasi na usahihi wao. Na wanaokujua waambie waanze kukusalimia wao wakiwa mbali, ingawa najua Tanga mdogo hahitaji kuambiwa hilo.

SWALI: Daktari, mke wangu amejifungua hapa Mwanza, mtoto ana wiki 5. Kwenye picha tuliyompiga kwa simu, mboni ya jicho moja inaonekana nyeupe. Wazee nyumbani wanasema ni maziwa yameingia jichoni na litasafika lenyewe. Tusubiri?

JIBU: Msisubiri hata siku moja. Ukishasoma hapa, mbebe mtoto umpeleke hospitali yenye daktari bingwa wa macho. Mboni nyeupe inaweza kuwa mtoto wa jicho wa kuzaliwa, na inaweza pia kuwa saratani ya jicho ya watoto, ambayo ikiwahiwa huokolewa maisha na mara nyingine hata jicho. Maziwa hayaleti weupe ndani ya mboni.

Ikiwa ni mtoto wa jicho, nataka uelewe kwa nini wiki zina uzito kiasi hiki. Nimeeleza hapo juu kwamba dirisha la kujifunza hufunguka pale utulizaji wa GABA unapokomaa. Katika wiki za mwanzo kabisa mfumo huo bado haujafika hapo, na jicho lililozibwa halijaanza kupoteza nafasi yake kisogoni. Uzoefu wa madaktari unaonyesha kwamba mtoto wa jicho mzito wa upande mmoja akiondolewa ndani ya wiki 6 hivi za mwanzo, jicho hilo lina nafasi nzuri zaidi ya kuona baadaye. Na kwa kuwa upasuaji unaofanywa kabla ya wiki 4 huongeza uwezekano wa presha ya macho, wiki ulizonazo sasa ndizo zenyewe. Baada ya upasuaji atahitaji miwani au lenzi ya kuvaa, na kufunikwa lile jicho zima kwa miaka kadhaa. Daktari wa mkoa anaweza kuwapa rufaa kwenda kwenye vitengo vya macho ya watoto, kama vile KCMC Moshi au CCBRT Dar es Salaam.

Kwa wasomaji wenye watoto waliochelewa tayari, nisieleweke vibaya. Nchini India, mradi ulioanzishwa na Pawan Sinha umewafanyia upasuaji watoto waliozaliwa na mtoto wa jicho pande zote mbili, wengine wakiwa wamepita miaka 10. Ukali wao wa kuona haukuwahi kuwa wa kawaida, lakini walijifunza kutambua vitu, sura na njia ya kwenda nyumbani. Wapelekeni.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi Mombasa. Nimesoma kwamba dawa ya sonona iitwayo fluoksetini ilirudisha unyumbufu wa gamba la kuona kwa panya wazima. Wazazi wawili wameshaniuliza kama wanaweza kuinunua kwa ajili ya jicho vivu. Niwajibu nini?

JIBU: Ulichosoma ni kweli kwa panya. Mwaka 2008, José Fernando Maya Vetencourt na wenzake wa Pisa waliwapa panya wazima fluoksetini, ambayo huongeza serotonini, kemikali nyingine ya ubongo, na panya waliokuwa na jicho vivu tangu utotoni walirudisha uwezo wao wa kuona baada ya lile jicho zuri kufungwa. Katika ubongo wao GABA ilikuwa imepungua, na ilikuwa imeongezeka BDNF, protini inayolisha miunganisho ya seli. Nilipoisoma kazi hiyo kwa mara ya kwanza nilifurahi mno, kwa sababu dawa hiyo inajulikana na inapatikana.

Binadamu hawakujibu kama panya. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 kuhusu watu wazima wenye jicho vivu, waliopewa ama fluoksetini ama kidonge kisicho na dawa huku wote wakifanya mazoezi ya macho kwa kompyuta, yalionyesha kwamba makundi yote mawili yalipata nafuu na dawa haikuongeza kitu. Levodopa, ambayo hugeuka dopamini ndani ya ubongo, nayo ilijaribiwa kwa watoto wa miaka 7 hadi 12 waliokuwa wakifunikwa jicho, na mwaka 2015 ikaripotiwa kwamba haikuleta tofauti ya maana. Fluoksetini kwa mtoto ina athari kwenye usingizi, hamu ya kula na hisia, na kwa vijana wadogo huhitaji uangalizi wa karibu kwa sababu ya mawazo ya kujidhuru. Kuitumia kwa jicho vivu hakuna msingi kwa sasa.

Lakini usiishie hapo unapozungumza na wazazi, kwa sababu kemikali hizi hubadilika pia bila dawa. Mwaka 2007, kundi lile lile la Pisa liliwahamisha panya wazima wenye jicho vivu kutoka kwenye vizimba vitupu hadi kwenye vizimba vikubwa vyenye wenzao wengi, magurudumu ya kukimbilia na vitu vipya vya kuchezea. Utulizaji wa ziada ulipungua na kuona kukarudi. Kwa binadamu, Claudia Lunghi na wenzake waliwafunika watu wazima jicho moja kwa dakika 150 tu, na walipolifunua likawa kwa muda ndilo lenye nguvu zaidi. Mwaka 2015 walipima kemikali kwa mashine ya sumaku, wakakuta GABA kisogoni imeshuka. Susan Barry, mtaalamu wa neva wa Marekani aliyekuwa na makengeza tangu uchanga, alianza kuona kina cha vitu akiwa na miaka 48, baada ya mazoezi ya kuyaelekeza macho yake pamoja.

Kwa hiyo mzazi akikujia na boksi la vidonge mkononi, lipokee kwa upole uliweke mezani, kisha mwulize miwani ya mtoto iko wapi, imevaliwa kwa saa ngapi jana, na plasta ilikaa muda gani kabla mtoto hajaibandua. Andika majibu hayo kwenye faili lake, na umpangie tarehe ya kurudi kupimwa.